Ruta ya safari yenye antena moja: jinsi ya kuipata kasi yake yote

Maswali ninayoulizwa kuhusu hizi ruta ndogo za safari hayabadiliki. Boksi limeandikwa 150 Mbps (megabiti kwa sekunde), mbona simu inapima 18? Je, nimeuziwa feki? Nikiifunga antena kubwa spidi itaongezeka? Na kwa nini laptopu iliyochomekwa waya inakimbia, halafu simu inajikongoja? Nimeyakusanya hapa niyajibu kwa mkupuo, kwa hatua unazoweza kuzifuata ukiwa umekaa kitandani gesti na ruta yako mkononi.

Kwa mwenye haraka: mara nyingi ruta ni nzima. Ile 150 haikuwa kasi ya intaneti tangu mwanzo. Lakini usiishie hapo, maana ruta nyingi za aina hii zinafanya kazi chini ya uwezo wake kwa sababu ya mpangilio mmoja au miwili tu, na huo unarekebishika bila fundi.

Naongelea ruta za daraja la N150, yaani zile zinazoandikwa 150 Mbps kwenye boksi: TP-Link TL-WR702N na TL-WR703N, GL.iNet GL-AR150, na nyingine nyingi zisizo na jina kubwa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Zinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake, zina redio moja, na redio hiyo ina njia moja tu ya kutuma na kupokea. Matundu yake ya waya ni ya megabiti 100.

Andaa vitu hivi kwanza

- Ruta yenyewe na chaja ya 5V, angalau 1A, pamoja na waya wa USB mfupi usiochoka.
- Waya wa mtandao, mita moja au mbili inatosha.
- Laptopu na simu. Simu peke yake inawezekana, ila utapapasa gizani sehemu kadhaa.
- Jina na nywila ya waifai ya mahali ulipo. Kama kuna ukurasa wa kuingiza namba ya chumba au vocha, uwe na hiyo vocha.
- Programu ya kupima kasi ya intaneti, na kwenye Android programu ya kuonyesha chaneli kama WiFi Analyzer.
- Pini au kijiti cha kuchokonolea kitufe cha kuriseti. Kikihitajika, kinahitajika saa mbovu.

Hesabu kidogo, halafu tunaanza kazi

Ruta hizi zinafuata kiwango cha 802.11n kilichopitishwa mwaka 2009. Kwa njia moja ya redio, chaneli yenye upana wa 20 MHz inafika megabiti 72.2 kwa sekunde, basi. Ukiitanua hadi 40 MHz ndipo unapata 150. Kwa hiyo 150 ya kwenye boksi ina masharti: chaneli pana, ishara safi, na kifaa cha upande wa pili kinachokubali upana huo. Ukikosa sharti moja unarudi kwenye 72.

Na hiyo 72 ni kasi ya redio hewani. Ndani yake kuna kusubiriana, kuthibitisha kila pakiti na kurudia zilizopotea. Data yako halisi inabaki karibu nusu au zaidi kidogo, tuseme 40 hadi 50 mambo yakiwa mazuri. Ruta ikiwa inapokea waifai ya hoteli na kuisambaza tena kwa redio ile ile, gawanya tena kwa mbili. Ndiyo maana 20 hadi 25 kwenye simu ni matokeo mazuri kabisa kwa ruta hii ikiwa kwenye kazi hiyo, na 18 si dalili ya ugonjwa.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: programu ya kupima inatoa megabiti, lakini kompyuta ikipakua faili inaonyesha megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Faili likishuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, hiyo ni megabiti 20 tayari.

Hatua ya 1: Pima intaneti bila ruta

Zima ruta. Unganisha simu au laptopu moja kwa moja kwenye waifai ya mahali hapo, au chomeka waya wa ukutani kwenye laptopu, kisha pima. Andika namba.

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayomaliza nusu ya malalamiko. Kama intaneti ya gesti ni megabiti 8, hakuna mpangilio wa ruta utakaoifanya 20. Ukipata 60 bila ruta halafu 20 kupitia ruta, hapo tuna kazi ya kufanya.

Pima asubuhi na jioni kama unakaa zaidi ya siku moja. Saa mbili usiku wageni wote wako vyumbani wanaangalia video, na namba ya saa hiyo haikuelezi lolote kuhusu ruta yako.

Hatua ya 2: Soma kasi ya redio, usikisie

Washa ruta, unganisha laptopu kwenye waifai yake, ukae mita moja au mbili kutoka ilipo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika:

netsh wlan show interfaces

Tafuta mistari hii:

Radio type : 802.11n
Channel : 6
Receive rate (Mbps) : 72.2
Transmit rate (Mbps) : 72.2

Kwenye Android nyingi gusa jina la waifai uliyounganishwa nayo, na kasi ya muunganisho utaikuta kwenye maelezo yake. Sasa isome namba hiyo hivi:

- 65 au 72: umefika kileleni kwa chaneli ya 20 MHz. Ruta haina zaidi ya kukupa hapo.
- 135 au 150: umefika kileleni kwa 40 MHz.
- 54: kuna mpangilio unaoibana. Tutaushughulikia hatua ya 4.
- 13, 26, 39 na mfano wa hizo: ishara ni dhaifu au kuna kelele. Nenda hatua ya 6.
- 144 au 300: ruta yako si ya antena moja, una bahati kuliko ulivyodhani.

Namba hii ndiyo nakuomba uizoee. Mtu akija kuniuliza akiwa nayo, tunamalizana kwa sentensi mbili. Akija na "inasumbua tu", tutazunguka mpaka jioni.

Hatua ya 3: Tumia waya kila unapoweza

Angalia chumbani kama kuna tundu la mtandao ukutani, mara nyingi liko nyuma ya meza au karibu na televisheni. Likiwepo, chomeka waya kutoka hapo hadi kwenye ruta. Kwenye ruta yenye matundu mawili, kama GL-AR150, waya huo unaingia lililoandikwa WAN.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya ruta. Anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini yake; GL.iNet hutumia 192.168.8.1. Weka modi (namna ya kufanya kazi) ya ruta ya kawaida, au ile iliyoandikwa Access Point kama mahali hapo pana ruta yao inayogawa anwani.

Hapo redio inafanya kazi moja tu, ya kuongea na vifaa vyako, na ile nusu iliyokuwa ikipotea inarudi. Hakuna mpangilio mwingine wowote kwenye mwongozo huu utakaokupa faida kubwa kama hii. Hata laptopu ukiichomeka waya kwenye ruta wakati ruta inapokea waifai ya hoteli, umeshaiokoa redio isirudie kazi. Ndilo jibu la lile swali la laptopu inayokimbia na simu inayojikongoja.

Unayetumia bando la simu: usiwashe hotspoti ya simu halafu ukaifanya ruta iipokee hewani na kuirusha tena. Kama ruta yako ina tundu la USB linalokubali simu, kama GL-AR150, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Tahadhari: tundu la USB la TL-WR702N ni la umeme tu, halipitishi intaneti ya simu.

Hatua ya 4: Ondoa vinavyoibana hadi 54

Nenda sehemu ya usalama wa waifai. Chagua WPA2 na AES. Ukikuta TKIP, au WEP, au ile ya kuchanganya TKIP na AES, badilisha. Kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake na ulinzi huo wa kizamani, kwa hiyo vifaa vinashuka kwenye kasi za 802.11g, yaani 54 kwa juu kabisa, ambazo ni za mwaka 2003.

Kisha tafuta WMM, mpangilio wa kupanga foleni ya data hewani, kwenye mipangilio ya juu, uhakikishe imewashwa. Ikizimwa unarudi 54 vile vile. Kuna ushauri unaozunguka eti uzime WMM ili intaneti iwe nyepesi. Usiufuate.

Hapo hapo ukiona Short GI, inayofupisha muda wa kusubiri kati ya ishara, iwashe. Ndiyo tofauti kati ya 65 na 72.

Kosa la kawaida: kuacha waifai bila nywila kabisa "ili iwe nyepesi". Haiongezi kasi inayoonekana, na wageni wa chumba cha pili watakuwa kwenye mtandao wako kabla hujamaliza chai.

Hatua ya 5: Chaneli na upana wake

Hatua hii ni ya waliotumia waya hatua ya 3. Kama unapokea waifai ya hoteli hewani, iruke: ruta yenye redio moja inalazimika kukaa chaneli ile ile ya hoteli, hata ukichagua nyingine.

Fungua programu ya chaneli kwenye simu. Katika 2.4 GHz chaneli zisizopandana ni tatu: 1, 6 na 11. Chagua moja kati ya hizo, ile yenye majirani wachache au majirani dhaifu. Usichague 3 au 4 kwa kuona pako wazi. Utakuwa unagongana na watu wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Upana, ulioandikwa Channel Width, uweke 20 MHz ukiwa gesti, hosteli au ghorofa lenye wapangaji wengi. Najua inauma kuiacha 150. Lakini 40 MHz inameza sehemu kubwa ya masafa yote ya 2.4, kila jirani anakuwa kelele kwako na wewe kwake, na kanuni za 802.11n zenyewe zinaitaka ruta irudi 20 inaposikia majirani. Tena simu nyingi, iPhone zikiwemo, hazitumii 40 MHz kwenye 2.4 hata ukiweka. Itanue tu ukiwa sehemu iliyojitenga, kama nyumba ya shamba au kambi, na laptopu yako inaikubali. Ukishaitanua, rudia hatua ya 2. Kama bado unaona 72, irudishe 20.

Hatua ya 6: Mahali na umeme

Ruta iwekwe juu, mahali peupe, mbali na friji, kabati la chuma na nyuma ya televisheni. Microwave inatumia masafa hayo hayo, kwa hiyo jikoni si mahali pake. Kuna adui mwingine asiyetajwa sana: diski za nje za USB 3.0 na waya zake hutoa kelele kwenye 2.4 GHz. Kama diski yako imelala ubavuni mwa ruta, sogeza moja wapo ng'ambo ya meza upime tena.

Usiiweke pia imebanana na laptopu. Mita moja au mbili ni bora kuliko sentimita tano.

Kuhusu umeme, tumia chaja. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa nusu ampea, na la televisheni linaweza kuzimika pamoja na televisheni. Ruta yenye umeme mdogo haizimiki kistaarabu: inawaka, inaunganisha, halafu trafiki ikizidi inajizima na kuwaka upya, na wewe unadhani tatizo ni mtandao. Pawabenki inafaa, na umeme ukikatika inakuokoa.

Hatua ya 7: Ukilazimika kupokea waifai ya hoteli

Wakati mwingine hakuna waya wala tundu. Sawa, fanya hivi.

Kwanza, uliza kama inaruhusiwa. Hoteli nyingine zimeandika kwenye masharti kwamba hazitaki.

Weka modi iliyoandikwa WISP, au Client Router kwa baadhi ya ruta. Hii ni bora kuliko Repeater, ile inayorefusha tu waifai ya hoteli, kwa msafiri, kwa sababu hoteli inaona kifaa kimoja tu, na vyako vyote vinabaki nyuma ya mlango wako mwenyewe. Tafuta jina la waifai ya hoteli kwenye orodha, weka nywila yao, kisha weka jina na nywila tofauti kwa ajili ya waifai yako. Ukifananisha majina mawili hutajua simu imeshika ipi, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya kubahatisha.

Mahali pa kuiweka ruta hapa ni tofauti. Redio moja inafanya kazi ya mkalimani mmoja: inasikiliza sentensi yote ya hoteli, kisha ndiyo inakwambia wewe. Ikisikia vibaya upande mmoja, pande zote mbili zinachelewa. Kwa hiyo isogeze kuelekea mlangoni au korido, inapoisikia hoteli vizuri, usiivute kitandani kwako. Wengi wanaiweka pale walipo wao, halafu wanashangaa ishara imejaa simuni na ukurasa haufunguki. Ishara iliyojaa ni ya ruta yako. Ile ya hoteli kwenda kwenye ruta hujaiona. Itazame kwenye ukurasa wa hali ya ruta.

Hatua ya 8: Pima tena, ulinganishe

Rudia kipimo cha hatua ya 1, sasa kupitia ruta, mahali pale pale na saa zile zile. Kwa waya ukutani na simu kwenye waifai ya 20 MHz, 40 hadi 50 ni kilele. Kwa kupokea na kurusha hewani, 20 hadi 25. Ukiwa hapo, acha kuchokonoa. Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080 na 15 kwa 4K, kwa hiyo 20 inabeba filamu na kazi za ofisini kwa pamoja bila shida.

Ikigoma

*Imeunganisha lakini hakuna intaneti.* Angalia kama anwani ya ruta yako na ya hoteli zinafanana, mathalani zote 192.168.0.1. Zikigongana ruta haijui ipeleke wapi. Badilisha ya kwako iwe 192.168.50.1, iwake upya, uunganishe tena.

*Ukurasa wa vocha hautokei.* Zima VPN (programu inayofunga data yako kwa siri), na kama umeweka seva ya DNS (inayotafuta anwani za tovuti) yako mwenyewe iondoe kwa muda. Kisha fungua tovuti isiyo na kufuli, neverssl.com imetengenezwa kwa ajili hiyo. Ikishindikana, ingia kwa simu moja kwa moja kwenye waifai ya hoteli, kisha nakili anwani ya MAC ya simu hiyo, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, kwenye ruta. Simu za siku hizi hubuni MAC kwa kila mtandao, kwa hiyo nakili ile inayoonekana kwenye maelezo ya mtandao huo huo, na uikate simu hapo ruta inapoingia.

*Kasi nzuri, ila ukiwasha VPN inaanguka.* GL-AR150 na TL-WR703N zinatumia chipu ya AR9331 ya 400 MHz. Kufunga na kufungua data kunaimaliza nguvu. Ondoa VPN kwenye ruta, iweke kwenye laptopu na simu.

*Ilikuwa nzuri mpaka mwenzangu alipounganisha simu yake.* Kifaa kilicho mbali kinaongea polepole, na kikiongea wengine wote wanasubiri. Msogeze karibu, au laptopu moja ihamie kwenye waya.

*Nimeifunga antena kubwa, namba haijapanda juu ya 72.* Haitapanda. Antena nzuri inasaidia ishara ifike mbali, hivyo aliyekuwa kwenye 26 anaweza kufika 65. Kilele kinawekwa na idadi ya njia za redio ndani, na humo ni moja.

*Imegoma kabisa, huingii hata kwenye mipangilio.* Bonyeza kitufe cha kuriseti kwa sekunde kumi hivi ikiwa inawaka, subiri iwake upya, anza hatua ya 3.

Ukiamua kununua nyingine

Usikimbilie N300 kama kazi yako kubwa ni kupokea waifai ya hoteli. N300 ina njia mbili za redio, na kwenye 20 MHz inafika 144, lakini ikiwa na masafa ya 2.4 peke yake bado inagawa kwa mbili. Chenye faida zaidi ni redio ya pili. Ruta ya masafa mawili, mathalani TL-WR902AC ya daraja la AC750, inaweza kuishika hoteli kwenye 5 GHz na kukurushia wewe kwenye 2.4, bila kurudia kazi kwenye chaneli moja. Hiyo 750 ni jumla ya 300 na 433, yaani 733 iliyokuzwa kidogo, kwa hiyo usitegemee kuiona simuni. Na kabla hujalipa, tazama tundu la waya: likiwa la megabiti 100, kwa waya hutavuka kama 94 hata waifai yake iandikweje. Unayekaa penye faiba ya zaidi ya hapo, tafuta iliyoandikwa gigabiti.